Albamu nzito na mhakiki anayeanza: jibu kwa msomaji wa Kihesa

Swali: "Shikamoo kaka. Nipo Kihesa, Iringa, nina miaka 23. Nasikiliza muziki mzito, yaani metali na ndugu zake, tangu kidato cha pili. Nimeamua kuanza kuhakiki albamu mpya kwa Kiswahili, peke yangu, bila gazeti wala redio. Uhakiki wa kwanza nimekutumia, lakini kila nikiusoma naona kama haujasema kitu. Niisikilize albamu mara ngapi kabla ya kuandika? Maneno niyatoe wapi, maana mengi yako kwa Kiingereza? Albamu mpya zinapatikana wapi kabla hazijapoa? Na mama anasema huu ni muziki wa shetani. Nimjibu nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Uhakiki wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kibandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, amplifaya ya kwaya moja iko wazi mezani, mkono mmoja una chuma cha kulehemu. Mara ya pili nilikuwa nyumbani, usiku, na albamu yenyewe ikipiga. Umejihukumu kwa haki: haujasema kitu. Ila kosa lako ni la kawaida na dawa yake ni rahisi.

Umeandika mtihani wa kidato cha nne. Sentensi yako ya kwanza inasema bendi "imefaulu kwa kiasi kikubwa kuibua dhamira mbalimbali zinazoikumba jamii". Ukashuka na dhamira: ukombozi, usaliti, nafasi ya mwanadamu. Ukaja ujumbe, ukafuata falsafa, ukafuata msimamo, halafu fani ukaipa mistari minne mwishoni kama mtu anayefunga duka mvua imeshaanza. Nilicheka, maana hata mimi nilitoka shule hivyo hivyo. Fani na maudhui ni chombo kizuri cha kusomea riwaya, na mwalimu wako hana kosa. Lakini kwenye albamu ya aina hii nusu ya maneno husikii mpaka ufungue karatasi ya mashairi, na mengi inayotaka kukwambia inayasema kwa njia nyingine. Inayasema kwa uzito wa gitaa, kwa dramu inayochelewa kidogo makusudi, kwa ukimya wa sekunde mbili kabla ya kila kitu kurudi kwa pamoja. Ukianza na dhamira umeingia nyumba ya watu kwa dirisha la jikoni.

Halafu, katikati ya ukurasa wa pili, bila kujua, umeandika hivi: "Wimbo wa nne, pale dramu zinaponyamaza na gitaa kubaki peke yake likikwaruza, niliacha kuosha vyombo." Huo ndio uhakiki wako. Mengine yote yalikuwa yanausindikiza.

Nina kipimo kimoja ninachokitumia kila ninapomaliza kuandika. Nachukua sentensi, naihamishia kwenye albamu nyingine. Ikikaa vizuri huko, naifuta. "Magitaa mazito yenye hisia kali" inakaa kwenye albamu elfu. Sentensi ya vyombo haihami. Ina wimbo, ina mahali ndani ya wimbo, na ina ushahidi wa kilichompata mtu aliyekuwa akisikiliza. Msomaji wako anaweza kwenda pale pale, akasikiliza, akakubali au akakubishia. Mhakiki asiyeweza kubishiwa hajasema kitu.

Sasa, mara ngapi? Mimi siandiki kabla ya mara nne, na hizo nne hazifanani. Ya kwanza nasikiliza bila kalamu, mikono ikiwa na kazi nyingine, kwa sababu wasikilizaji wengi ndivyo watakavyoisikia, nami nataka kujua ni wapi itanikatisha kazi. Ya pili nakaa na daftari, naandika dakika na sekunde tu: "wimbo wa 3, 2:10, besi inaingia peke yake". Siku hiyo maoni ni marufuku. Ya tatu ni kwenye spika kubwa, na sababu yake nitakueleza hapa chini. Kisha naiacha siku mbili au tatu bila kuigusa. Kama siku ya tatu niko kwenye bajaji naelekea Soweto na kuna rifu inazunguka kichwani bila kuitwa, hiyo naiandika. Kama hakuna, hilo nalo ni la kuandika. (Rifu, kwa wanaotusoma pembeni, ni kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa mpaka kinakuwa uti wa mgongo wa wimbo. Neno la Kiswahili lililozoeleka sijalipata, kwa hiyo nimelikaribisha hili na kulivika nguo zetu.) Mara ya nne ni ya kuhakikisha kwamba zile tatu hazikunidanganya.

Haraka imewahi kuniaibisha. Albamu ilitoka Ijumaa, nikataka niwe wa kwanza kuiandika kwa Kiswahili. Nikaandika kwamba besi "imesahaulika studio" na dramu ya mguu "inalia kama kiberiti kikitikiswa". Nilijiona hodari. Jumatatu nikawa nafuta vumbi nyuma ya spika zangu, nikakuta waya wa spika ya kushoto nimeugeuza, chanya kwenye hasi. Fundi mzima! Spika mbili zikifungwa kinyume namna hiyo, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na sauti za chini zinamalizana zenyewe kabla hazijakufikia. Nikaurudisha waya, nikaipiga albamu upya, besi ikanipiga kifuani. Sahihisho nililoandika lilikuwa refu kuliko uhakiki wenyewe. Tangu siku hiyo, kabla sijasema studio ya mtu ina kosa, nakagua kwangu kwanza.

Hapo ndipo ninapogombana na wewe kidogo, kwa sababu umesema albamu yote umeisikiliza kwa spika ya simu. Kamba nene ya gitaa la kawaida hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Ya gitaa la besi, mara 41. Kile kispika kidogo cha simu hakina ubavu wa kusukuma hewa polepole hivyo, kinaanza kusikika vizuri kwenye mamia ya mitetemo. Sikio la binadamu ni janja, linaikisia noti ya chini kutokana na sauti zilizo juu yake, ndiyo maana wimbo bado unautambua. Unautambua lakini uzito wake haukufikii, na uzito ndio ulioahidi kuuhakiki. Ni kama kuonja ugali kwa kuutazama. Huhitaji mtambo wa gharama. Hedifoni za waya zinazofunika sikio zinatosha, hata zikiwa za mtumba. Au mwombe fundi mitambo wa kanisani kwenu dakika 40 Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, na umwambie ukweli ni albamu ya namna gani, asije akashtuka mbele ya mzee wa kanisa. Sauti usipandishe mpaka mwisho. Masikio ndiyo jembe lako, na hili likikatika hakuna mhunzi wa kuliunga.

Kwa nini naukazania uzito? Kwa sababu una historia ya mwili kabisa. Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikuwa kijana wa kiwanda cha mabati. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono ulioumia ndio unaobana kamba. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatumia kamba laini, na baadaye akazilegeza zishuke chini ya kawaida ili zisimuumize. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Kufikia ya tatu, mwaka 1971, kwenye baadhi ya nyimbo gitaa lilikuwa limeshushwa hatua nusu tatu, ile kamba ya 82 ikawa inatetema kama mara 69. Kamba iliyolegea huwa na mdundo mnene na huyumba kidogo inapopigwa, na huo uyumbaji nusu ya dunia ya muziki mzito inauiga hadi leo bila kuumwa kidole. Ukisikia albamu mpya ina gitaa zito, uliza: zito kwa sababu limeshushwa? Kwa sababu yamepangwa magitaa manne, moja juu ya jingine? Kwa sababu mapigo ni ya polepole? Au fundi amejaza tu sauti mpaka darini? Hayo ni mambo manne tofauti na msomaji wako anastahili kujua ni lipi.

Hilo la mwisho lina mfano maarufu. Albamu ya Metallica ya mwaka 2008 ilibanwa sauti kiasi kwamba mashabiki walilalamika inakwaruza, na nyimbo zile zile zilipotokea kwenye mchezo wa kompyuta bila kubanwa hivyo, wengi walizipenda zaidi huko. Bendi hiyo hiyo, albamu yao ya 1988, ya kwanza kamili kurekodiwa na mpiga besi mpya baada ya yule wa awali kufariki kwenye ajali ya basi Sweden mwaka 1986, ina besi ambayo karibu haisikiki. Watu wameibishania zaidi ya miaka 30. Kumbe mhakiki anaweza kuandika kuhusu kisichokuwepo! Kama kwenye albamu yako dramu zimemeza gitaa la ridhimu, sema. Huko ndiko fundi kama mimi anakoanza kukusoma kwa makini.

Maneno. Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo wengi wanaoandika mambo haya kwa Kiswahili wanapokwama. Wanabeba sifa za magazeti ya nje, wanazitafsiri, na matokeo yake gitaa linakuwa "la kikatili" na sauti inakuwa "ya kuzimu". Mdogo wangu, wewe unakaa Iringa. Kitonga unaijua. Umeshakaa kwenye basi nyuma ya lori la kontena linalopanda kwa gia ya kwanza, injini inaunguruma, kioo cha dirisha kinatetemeka, na hakuna mtu ndani ya basi anayezungumza. Huo ndio muziki mzito wa mwendo wa polepole, wote. Ile dramu inayopigwa haraka mpaka mapigo yanashikana, mimi naiita mapigo ya mvua, kwa sababu niliikuta kwanza Tukuyu, mvua ya mawe juu ya bati, utotoni, tumejificha chini ya meza. Gitaa linakwaruza, linasaga, linakoboa, na ukitega sikio mashineni utagundua kusaga na kukoboa havilingani: kusaga ni mfululizo laini, kukoboa kuna mchanga ndani yake. Wapigaji wa dansi walituachia gitaa la solo, ridhimu, besi na tumba. Ushairi ukatuachia kibwagizo na mizani. Hatuna umaskini wa maneno, tumekosa tu kuyaita kazini. Ila usiyachoshe. Nilipitia kipindi kila albamu kwangu ilikuwa inapanda Kitonga, mpaka msomaji mmoja akaniuliza hizo bendi zitafika lini Mafinga.

Kuhusu kasi, usiwatishe wasomaji wako. Wanasikiliza singeli, ambayo hupita mapigo 200 kwa dakika na bado watu wanacheza. Ukimwambia mtu wa Ipogolo kwamba wimbo fulani una kasi ya singeli lakini ngoma zake zinapigwa na mtu mwenye miguu miwili na jasho, ameshakuelewa. Kwa sauti ya kunguruma, mweleze ni mbinu, ina mazoezi na pumzi yake kama uimbaji mwingine wowote, na anayeikosea hukauka koo. Muhubiri anayefoka siku nzima ya Jumapili Jumatatu anaongea kwa ishara. Mwimbaji wa metali aliyefundishika anafoka kila usiku kwa miezi.

Usipime albamu kwa rula moja pia. Slayer walitoa albamu ya nyimbo 10 mwaka 1986 na yote haifiki hata nusu saa. Bendi ya Sleep ina albamu ambayo ni wimbo mmoja wa zaidi ya saa nzima. Napalm Death, mwaka 1987, waliweka wimbo wa sekunde moja na kidogo. Ukimlaumu wa kwanza kwa ufupi na wa pili kwa urefu, umehakiki saa yako ya ukutani.

Umeniuliza kama muziki huu ni wa kwetu. Hukuniuliza wazi, lakini aya yako ya mwisho inaomba radhi, inasema "ingawa si utamaduni wetu". Ifute. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Alirudi siku moja kutoka upande wa Zambia na sahani ya santuri ambayo gitaa lake lilikuwa linakwaruza kama redio yenye betri mbovu. Tulidhani sindano imechakaa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba wakati reli inajengwa, vijana wa Zambia, wengi wao wa miji ya machimbo ya shaba, walikuwa wanapiga roki yenye mkwaruzo mzito, ile inayoitwa leo Zamrock. Bendi ya WITCH, ambayo herufi zake zinasimamia maneno yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Amanaz. Paul Ngozi na Ngozi Family. Shaba ikaanguka bei, maisha yakabana, bendi zikasambaratika, na santuri zikawa mali ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, anayejulikana kama Jagari, alirudi jukwaani uzeeni, na mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya, karibu miaka 40 baada ya ile iliyotangulia. Mbeya mpaka Tunduma ni kama kilomita 100. Muziki huu ulikuwa jirani yetu kabla wewe na mimi hatujazaliwa, ila hakuna aliyetugongea mlango.

Na leo uko karibu zaidi. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi walitoa albamu kwa jina la Duma, kupitia kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala: kelele za mashine, mapigo ya mvua na ukelele mtupu. Wahakiki wa Ulaya waliisifu na kueleza kwamba jina ni neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Wewe Mswahili ukilisoma unamwona mnyama mwenye mbio kuliko wote. Albamu ina giza na ina mbio, na anayeweza kuyaona yote mawili kwa neno moja ni mhakiki wa huku. Mmoja wa wale wawili, anayejiita Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 2024. Kama unatafuta pa kuanzia badala ya ile bendi ya mbali uliyonitumia, anza hapo. Botswana nako wana bendi zao, Overthrust na Skinflint kwa mfano, na mashabiki wanaovaa ngozi kutwa kwenye jua la Kalahari. Hilo la ngozi mimi siliwezi hata kwenye baridi ya Uyole.

Kuzipata albamu mpya si kazi kubwa kama unavyodhani. Tangu mwaka 2015 albamu nyingi duniani hutoka Ijumaa. Bendi ndogo na za kati ziko Bandcamp, ambako unaweza kusikiliza nyimbo nyingi bure kabla ya kununua, na mtandao huo hukata asilimia 15 tu ya mauzo ya nyimbo za kidijitali, kiasi kikubwa cha kilichobaki humfikia mwanamuziki. Kulipa unaweza kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu. Kupata albamu kabla haijatoka, andikia bendi au kampuni inayowatoa. Barua fupi: wewe ni nani, unaandika kwa lugha gani, mifano miwili ya kazi zako. Usijidogoshe. Mhakiki wa Kiswahili ni adimu, na bendi ya Finland inayotumiwa barua mia za Kiingereza itaikumbuka yako. Wakikutumia, faili mara nyingi lina alama ya siri inayoonesha ni la nani, kwa hiyo usilirushe hata kwa rafiki wa chumbani. Wakisema usichapishe kabla ya tarehe fulani, subiri. Na kwenye uhakiki useme wazi kwamba ulipewa bure.

Pesa ya soda usipokee. Itakuja, hasa kutoka kwa bendi za hapa nyumbani, tena itakuja kwa upole sana. Mji wenu ni mdogo. Utakayemponda leo mtakutana kesho Miyomboni mkigombea kiti kwenye daladala. Hiyo si sababu ya kusema uongo, ni sababu ya kuandika mambo unayoweza kuyarudia mbele ya uso wake. "Dramu hazishikani na besi kuanzia wimbo wa tano" unaweza kuyarudia. "Hawajui kupiga" huwezi. Kijana aliyerekodi chumbani kwa kipaza sauti kimoja usimpime kwa rula ya studio ya Stockholm, lakini kama rifu zake zinafanana zote, kipaza sauti hakihusiki.

Alama, yaani 7 kwa 10 na wenzake, mimi sitoi. Tumekulia kwenye daraja la kwanza mpaka sifuri, msomaji akiona namba hasomi tena. Ukitaka kutoa, toa.

Mama. Hili nimeliacha nyuma kwa sababu ndilo linalonipa taabu. Usimcheke, na usimwambie amepitwa na wakati, maana swali lake si la kijinga. Norwei, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya vijana wa muziki huu walichoma makanisa kweli. Kanisa la mbao la Fantoft, Bergen, liliteketea Juni 1992. Kuna bendi zinazoimba chuki za rangi na kuzificha ndani ya ukelele, na mhakiki anayezisifia rifu bila kusema hilo amewaficha wasomaji wake nusu ya albamu. Kwa hiyo soma mashairi, jua unamtangaza nani. Kuna pia bendi za metali zinazoimba injili, na nyingi kabisa zinazoimba vita, magonjwa, msiba na upweke, mambo ambayo hata tenzi za mama zina beti zake. Mimi mama yangu, Mmoraviani wa Rungwe, sikumshinda kwa hoja. Nilimwekea hedifoni siku moja, wimbo wa polepole, akasikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho. Akavua, akasema: "Huyu kijana analia. Nani kamfia?" Nimeandika uhakiki kwa zaidi ya miaka kumi na sijawahi kuandika mstari unaofikia ule.

Jambo la ofisi, kwa haraka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuja na leseni na ada zilizofika shilingi milioni mbili na laki moja, watu wengi wakafunga kurasa zao. Zilibadilishwa 2020 na kurekebishwa tena 2022. Usitegemee maneno ya kijiweni kuhusu nani anaguswa sasa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, uliza kwa maandishi na utunze jibu. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakuruhusu kunukuu mistari michache kwa ajili ya uhakiki ukitaja chanzo. Shairi zima usiweke.

Sasa uhakiki wako. Anza na vyombo. Weka dakika: nimesikiliza, dramu zinanyamaza 3:42, gitaa linabaki peke yake karibu nusu dakika, na ukitega sikio kuna mtu anayepumua karibu na kipaza sauti, jambo ambalo kwa simu hukulisikia. Eleza wimbo huo unatoka wapi na unakwenda wapi, kisha rudi nyuma utueleze zile nyimbo tatu zilizoutangulia zilikuwa zinatuandaa au zilikuwa zinapoteza muda. Mimi naona ya pili ingeachwa. Maneno 600 yanatosha. Nitumie tena kabla ya Ijumaa ijayo, na siku ukipanda basi la Mbeya njoo nayo kibandani, tuisikilize kwenye zile spika zangu. Waya wa kushoto nimeufunga utepe mwekundu.